Muziki wa chemba ukiwa safarini: nyumba ya mawe Lamu, paa la Shela au ukumbi wa hoteli Malindi?

Kikundi cha nyuzi kikitangazwa kupiga Lamu au Malindi, msafiri huuliza kwanza ni kina nani na watapiga nini. Yafaa aulize kwanza watapigia wapi. Muziki wa chemba hauna kondakta wala vipaza sauti. Ni watu wawili hadi wanane au tisa, kila mmoja ameshika sauti yake peke yake, na kazi ya kuikuza sauti hiyo mpaka ikufikie imeachiwa kuta na dari. Kwarteti ileile (fidla mbili, viola na chelo) ikipiga kazi ileile ya mtunzi Haydn, leo ndani ya msana, chumba kirefu chembamba, wa nyumba ya mawe na kesho katika ukumbi wa zulia na dari ya jipsamu, itakuacha ukiuliza kama kweli ni watu walewale.

Pwani hatuna ugeni na jambo hili. Tarabu ya zamani ya udi, ganuni, fidla na nai ilikuwa muziki wa chumbani kabla ya maikrofoni kuingia, na Lamu iliyomzaa mpigaji udi Zein l'Abdin inajua udi unavyojaa sebuleni na unavyopotea uwanjani. Ukilijua hilo umeshaelewa nusu ya ulinganisho huu.

Kwa mwenye haraka: nyuzi tupu, chagua nyumba ya mawe Lamu. Ala za kupuliza, paa la Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, linafaa, mradi upepo uwe mdogo. Piano ikiwamo, au ukiwa na mzee asiyeweza ngazi, au ukiwa na usiku mmoja tu, nenda Malindi. Sababu zenyewe ndizo zinazofuata, na ndizo za kushika, kwa kuwa safari ya mtu haifanani na ya mwenzake.

Nyumba ya mawe

Nyumba ya kale ya Lamu huingiwa kupitia daka (baraza la mlangoni), kisha tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kisha kiwanda (ua wa ndani) kilicho wazi juu. Kiwanda kinapakana na msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, na nyuma zaidi chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki salama zaidi ya mita 2.5 hadi 3, kwa hiyo kila chumba ni chembamba na kirefu.

Wembamba huo ndio faida kubwa. Fidla ikipigwa, sauti inagonga ukuta wa kushoto na wa kulia na kukufikia papo hapo nyuma ya sauti ya kwanza, kiasi kwamba sikio linazipokea zote kama sauti moja iliyonenepa. Wigmore Hall ya London, iliyofunguliwa 1901 na kusifiwa mpaka leo kwa muziki wa chemba, nayo ni ukumbi mrefu usio mpana, wenye viti 550 hivi. Mafundi wa Lamu walijenga kwa kipimo cha mti wa mkoko, hawakuwa na kwarteti akilini, lakini umbo walilopata linaipenda kwarteti.

Chokaa tupu ina kasoro moja. Simama katikati ya msana usio na kitu, piga kofi moja kali. Ukisikia mtetemo mkavu unaokimbia kati ya kuta mbili, trrr, basi fidla nayo itapata mtetemo huo kwenye noti za juu na za haraka. Kinachouvunja ni kitu chochote kinachozuia kuta mbili laini kutazamana: zidaka, milango ya kuchonga, boriti za dari, mikeka, mapazia, na zaidi ya yote watu. Msana uliojaa wasikilizaji ishirini na tano waliovaa kanzu na mabuibui husikika tofauti kabisa na ulivyokuwa mchana wakati wa mazoezi. Usihukumu chumba kwa ulichosikia kabla watu hawajaingia.

Sasa jambo ambalo waandaaji hukosea mara nyingi kuliko yote: wapigaji wanawekwa wapi. Kiwanda kinavutia macho, kina mimea na nyota juu, kwa hiyo kikundi huketishwa katikati yake na wasikilizaji hujipanga misanani. Matokeo yake sauti inapanda angani, na mtu wa msana wa yuu anapata mabaki. Pindua mpango huo: wapigaji wakae msana wa tini, migongo yao kuelekea ndani, nyuso zao kiwandani, na wasikilizaji wakae kiwandani. Ukuta wa nyuma na dari ya boriti huisukuma sauti mbele, na hata aliye mstari wa mwisho husikia viola. Kwa mpango huu nyumba ya wastani hupokea watu hamsini bila taabu. Wote wakikaa ndani ya msana mmoja pamoja na wapigaji, ishirini na tano au thelathini ndio mwisho. Zaidi ya hapo joto litawashinda wapigaji kabla yenu.

Chelo nayo ina tabia yake. Ikiwekwa pembeni kabisa, kwenye kona ya kuta mbili, noti zake za chini huvimba na kuwafunika wenzake. Mita moja au moja na nusu mbali na kona inatosha kuituliza. Ukifika mapema na ukaona kiti cha chelo kimesukumwa kwenye kona, mwambie mwandaaji kwa upole. Ni jambo la kusogeza kiti tu, na mpigaji chelo atashukuru.

Paa la makuti Shela

Hapa watu huvutwa na mandhari, na mandhari ni ya kweli: mkondo wa bahari kati ya Shela na Manda, upepo, taa za mashua. Lakini kwa masikio, paa lililo wazi pande zote ni mahali pagumu. Sauti isipokuwa na ukuta wa kuirudisha hushuka kwa desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapokuwa maradufu. Aliye mita 8 kutoka kwa fidla anapata desibeli 6 pungufu ya aliye mita 4, na 12 pungufu ya aliye mita 2. Ndani ya msana tofauti hiyo ni ndogo mno kwa sababu kuta zinasaidia. Makuti nayo hayarudishi chochote. Hunyonya hasa sauti za juu, na kukiwa na upepo huleta mchakacho wake yenyewe.

Kwa hiyo kwarteti ya nyuzi paani inafaa tu ikiwa wasikilizaji hawazidi ishirini na mstari wa mwisho hauzidi mita 5 au 6. Gitaa la nailoni au udi bila maikrofoni ni kosa kabisa. Ni ala za chumbani, na zinaishia mita chache tu.

Ala za kupuliza ni habari nyingine. Kwinteti ya fluti, obo, klarineti, honi na fagoti ina nguvu ya kutosha kupiga nje. Ulaya ya karne ya 18 vikundi vya namna hiyo vilipiga bustanini na kwenye karamu, na Mozart aliwaandikia muziki wa kazi hiyo. Ukiona tangazo la paa la Shela na orodha yake ni ya kupuliza, usisite. Ila fluti ina adui: upepo ukimpiga mpigaji usoni au ubavuni, unachukua ile pumzi nyembamba anayoielekeza kwenye tundu la ala, na sauti inakatika au inabaki pumzi tupu. Wapigaji waupe upepo mgongo. Karatasi za noti zibanwe kwa vibanio vya nguo, viwili kila upande, kwa maana kimoja hushindwa pale ukurasa unapogeuzwa.

Majira yanaamua sana hapa. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba na huwa na nguvu zaidi katikati yake, na masika humwaga mvua nyingi zaidi Mei. Miezi hiyo paa ni bahati nasibu. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ni kavu na ya joto, lakini jioni zake nazo zina upepo. Wakati mzuri ni wa tanga mbili, Oktoba na Novemba au Machi mwishoni, upepo unapobadilika na usiku kuwa shwari, ingawa Novemba huja na mvua za vuli.

Ukumbi wa hoteli Malindi

Malindi ina kitu ambacho kisiwa cha Lamu hakina: barabara ya gari hadi mlangoni. Hilo hubadilisha orodha ya muziki kuliko watu wanavyodhani.

Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 hadi 250. Piano ya mkia huanzia kilo 300 na kufika 500. Kuipeleka Lamu ni lori mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, kisha chombo cha majini, kisha gati, kisha mkokoteni na mahamali katika vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na mwisho ngazi za mawe zilizo wima. Ikishafika inahitaji kutulia na kuwekwa sawa sauti upya. Kwa hiyo mtu akitangaza Lamu kazi yenye piano, mara nyingi ni kinanda cha umeme. Tatizo la kinanda hicho haliko kwenye noti zake. Sauti yake inatoka kwenye kisanduku kimoja cha spika huku fidla ikisikika kutoka mbao zake zote, kwa hiyo masikio hayaziunganishi: unasikia watatu na redio. Tena umeme ukikatika kinanda kimekufa, wakati kwarteti inaendelea kwa taa ndogo za betri zilizobanwa kwenye vishikizo vya karatasi.

Basi kazi kama kwinteti ya Schubert iitwayo ya samaki trauti, ya mwaka 1819, yenye fidla, viola, chelo, besi na piano na urefu wa dakika 40 hivi, isikilize Malindi. Trio za piano pia. Kwarteti za Haydn au zile sita za kwanza za Beethoven, Opasi 18, zisubirie Lamu ukiweza.

Ukumbi wenyewe wa hoteli ndio udhaifu wa Malindi. Umejengwa kwa mikutano na harusi: mpana, dari ya chini, zulia, mapazia mazito. Maneno ya mtoa mada yanasikika vizuri humo, lakini fidla inakauka. Kila noti inakatika palepale inapoachwa, na wapigaji hulazimika kukaza mkono ili kuijaza nafasi. Ukumbi wa muziki wa chemba hutakiwa kushika sauti kwa takriban sekunde 1.3 hadi 1.6 baada ya ala kunyamaza, na ukumbi wa zulia haukaribii hapo. Dawa yake kwa msikilizaji ni kukaa karibu, theluthi ya mbele. Dawa kwa mwandaaji ni kuondoa mapazia nyuma ya wapigaji, kuwaweka mbele ya ukuta mtupu kwenye upande mrefu wa ukumbi, na kukunja zulia kama linakunjika. Hoteli ikiwa na chumba cha kusomea au sebule ya zamani yenye sakafu ya vigae na dari ya juu, hicho ni bora kuliko ukumbi rasmi, hata kama kinaingiza watu arobaini tu.

Halafu kuna kelele za mashine. Kiyoyozi hunguruma katika sauti zilezile za chini za chelo. Waandaaji hukizima dakika ile wapigaji wanaingia. Ukimya unapatikana, lakini joto na unyevu hupanda haraka, na ikifika kazi ya pili nyuzi zimeshahama. Njia sahihi ni kukiweka digrii 25 au 26 mchana kutwa, na kukizima saa moja kabla watu hawajaingia, wapigaji wakiwa tayari humo na ala zao. Ongeza pampu ya bwawa, friji ya baa iliyo nyuma ya ukuta, sahani za wakati wa chakula, na muziki wa burudani wa hoteli ya jirani. Lamu ina kelele pia, ya punda na ya jenereta umeme ukikatika, ila punda hulia na kunyamaza.

Ngome ya Lamu, iliyomalizwa kujengwa karibu 1821, ina uwanja wa ndani ambao watu huutaja kama njia ya kati. Kuta zake ndefu husaidia kuliko paa, lakini ni pakubwa mno kwa kwarteti, na nje yake ni Mkunguni, uwanja wa mji, ambapo watu huketi na kuzungumza mpaka usiku. Kwa kikundi cha shaba au kwaya, ndiyo. Kwa fidla mbili, viola na chelo, hapana.

Hewa ya pwani na ala za mbao

Hili linahusu mahali pote patatu, na ukilijua hutamlaumu mpigaji bure. Ala za familia ya fidla hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Pwani huwa juu ya 70 siku nyingi. Mbao huvimba, vigingi vya kukazia nyuzi hukwama, nywele za upinde hurefuka mpaka skrubu ya kukazia inafika mwisho upinde ukiwa bado umelegea, na ulimbo unaopakwa kwenye nywele hugeuka wa kunata. Ala iliyotoka chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa moja kwa moja kiwandani itahama sauti ndani ya robo saa. Huhitaji angalau dakika 45 kwenye hewa itakayopigiwa, ikiwa nje ya sanduku.

Kwa hiyo wapigaji wakisimama kati ya sehemu na sehemu kukaza nyuzi, hata mara tatu katika kazi moja, ni jambo la kawaida hapa. Nyumba ya mawe ina nafuu: kuta nene hupokea joto polepole, kwa hiyo halijoto haibadiliki ghafula usiku. Paani ndipo panapobadilika zaidi, na umande wa chumvi unapoanza kushuka baada ya saa tatu usiku, wenye ala za thamani hufunga masanduku yao. Tarajia orodha fupi ya dakika 60 bila mapumziko Shela, na ile kamili ya saa moja na nusu pamoja na mapumziko ya dakika 20 katika nyumba ya Lamu au ukumbi wa Malindi.

Saa ya kuanza, na bahari

Lamu ni mji wa misikiti mingi iliyokaribiana, na adhana hazianzi kwa pamoja. Hupokezana. Sehemu ya polepole ya kwarteti ikiangukia hapo, muziki umevunjika na heshima pia. Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kulingana na mwezi, na Isha kati ya saa moja na robo na saa mbili kasoro dakika kumi. Mwandaaji anayeijua Lamu ataanza saa mbili na nusu usiku, watu wameshaswali na kula. Anayetangaza saa moja kamili ni mgeni, na hilo likuambie mengine. Njia ya pili ni alasiri, saa kumi na robo, baada ya swala, na kumaliza kabla ya Magharibi. Malindi huwa na uhuru zaidi, hasa hoteli zilizo mbali na mji. Mwezi wa Ramadhani usipange kabisa kwa Lamu. Na Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa, vyumba havipatikani, na sauti zinazostahili kusikilizwa wakati huo ni nyingine.

Ukilala mjini Lamu na muziki uko Shela, au kinyume chake, hesabu maji. Ni kilomita tatu hivi, mwendo wa dakika 40 hadi 45 kwa miguu kando ya pwani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri na sehemu za njia huzama, kisha hupwa karibu saa nne au tano usiku. Maana yake kwenda utahitaji mashua, na kurudi mashua italala mbali na ngazi, uvue viatu ukaifuate majini. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na njia hupitika kwa urahisi zaidi. Nahodha wa kukurudisha usiku umpange mapema na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, pamoja na muda wa kungoja. Usitegemee kumkuta mtu gatini saa tano usiku.

Viatu viwe bapa, na tochi iwe mkononi. Ngazi za nyumba za Lamu ni za juu na hazilingani, na sebule nyingi nzuri ziko ghorofani. Kwa mzee au mtu wa kiti cha magurudumu hili peke yake linaamua, na Malindi inashinda bila mjadala.

Kufika hakuhitaji maneno mengi. Malindi ina uwanja wa ndege uliokaribiana na mji, na kutoka Mombasa ni kilomita 120 hivi kwa barabara. Lamu ni ndege mpaka Manda kisha mashua, au basi kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe kisha boti. Toka Malindi kwa basi hesabu saa nne au tano, na uwe na kitambulisho kwa ajili ya vizuizi vya njiani. Usipange kusikiliza muziki usiku wa siku uliyosafiri kwa basi. Mwili uliochoka husinzia kwenye sehemu ya pili, ambayo kwa kawaida ndiyo ya polepole na ndiyo nzuri kuliko zote.

Kiti, na namna ya kusikiliza

Tiketi ya mbele kabisa mara nyingi ndiyo ghali, na kwa kwarteti si bora. Ukiwa mita moja na nusu unasikia mkwaruzo wa upinde na pumzi za mpigaji wa karibu nawe, wenzake wamekuwa mbali. Katika nyumba ya mawe mstari wa tatu ndio wenye sauti zilizochanganyika vyema. Malindi mstari wa pili. Paani, popote mbele.

Upande nao una maana. Fidla ya kwanza hukaa kushoto kwako, na matundu ya ala yake yanatazama wasikilizaji. Vikundi vingine humweka mpigaji viola nje kabisa upande wa kulia, na hapo matundu ya ala yake hutazama nyuma. Kukiwa na ukuta wa chokaa nyuma yao sauti ya viola hurudi. Paani hairudi, na moyo wa kwarteti, ile sauti ya kati inayofunga juu na chini, unapotea. Kikundi kinachokaa viola ndani na chelo nje kinafaa zaidi mahali pa wazi.

Kazi moja huwa na sehemu nne kwa kawaida: ya haraka, ya polepole, ya mwendo wa dansi, na ya haraka tena. Kwarteti ya Haydn huchukua dakika 20 hadi 25 kwa jumla. Makofi huja baada ya sehemu ya nne. Ukipotea hesabu, tazama pinde: zikiwa bado ziko juu au wapigaji hawajainua macho kukutazama, subiri. Aliyezoea tarabu ataona ugumu hapo, kwa sababu kwetu kumtuza mpigaji katikati ya wimbo ni sehemu ya muziki wenyewe, na anayenyamaza huonekana hakupendezwa. Hapa tuza baadaye. Bahasha mkononi mwa mwandaaji au neno zuri kwa mpigaji wakati wa kahawa linapokewa kwa furaha, hasa ukitaja sehemu uliyoipenda.

Katika nyumba ya mawe kimya kina uzito wa pekee, kwa kuwa hakuna mashine ya kukifunika. Kiti cha plastiki kikiburuzwa kwenye sakafu husikika chumba kizima. Ikiwa wametandika mikeka mbele, kaa mkekani. Watoto chini ya miaka saba wasikilizishwe alasiri kwenye orodha fupi, na mzazi akae karibu na tekani ili atoke bila kupita mbele ya watu. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe upande upepo unakotokea kwa wapigaji wa kupuliza. Jipake ya mafuta kabla ya kutoka nyumbani.

Ya kuuliza kwa simu kabla ya kulipa

Piga simu, usitume ujumbe, kwa sababu kusita kwa anayejibu kuna habari ndani yake. Uliza wapigaji ni wangapi na ala gani. Uliza watakaa wapi, na wasikilizaji wangapi wataingia. Kukiwa na piano, uliza kama ni ya nyuzi au ya umeme, na kama ni ya nyuzi, imewekwa sawa lini. Jibu zuri ni jana au leo. Wiki iliyopita, kwa hewa hii, ni mbali. Uliza kiyoyozi au jenereta itakuwa wapi. Ikiwa ni paani au kiwandani, uliza mvua ikinyesha watahamia wapi, na uambiwe chumba chenyewe, kwa kuwa wengine hurudisha fedha na wengine husema tu Mungu atajalia. Uliza pia kama kutakuwa na maikrofoni. Kwa wasikilizaji hamsini ndani ya kuta za mawe hakuna haja nayo, na mwandaaji anayejivunia mtambo mkubwa wa sauti kwa kwarteti atakuuzia usiku mwingine kabisa. Hapo uliza kama wapigaji watafanya mazoezi ya wazi mchana. Mara nyingi mazoezi hayo hufanywa bila mtambo, milango ikiwa wazi, na hakuna anayekatazwa kukaa dakani akasikiliza.